Tusinunue wati, tununue sauti

 

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kifaa ambacho siku hizi kimeingia katika sebule nyingi za mijini, nacho ni amplifaya. Ninasema juu ya kile kisanduku kinachopokea sauti dhaifu kutoka kwenye simu, redio au televisheni, kisha kikaipa nguvu ya kutosha kusukuma spika. Wengine wananunua amplifaya peke yake na kuiunganisha na spika zao za zamani. Wengine wananunua sabufa, ambayo ndani yake kuna amplifaya hiyo hiyo, ila imefichwa. Kwa wote hao pesa inayotoka ni ya maana. Kwa mfanyakazi wa kawaida yaweza kuwa nusu ya mshahara, au mshahara mzima, au akiba ya mchezo wa upatu.

Sasa hebu tujiulize. Pesa hiyo yote, uamuzi wa kuitoa tunaufanya kwa muda gani? Aghalabu ni dakika tano. Muuzaji anachomeka waya, anaweka wimbo, anaongeza volyumu, duka linatetemeka, na sisi tunatikisa kichwa na kuingiza mkono mfukoni. Ninachotaka kusema leo ni kwamba dakika tano hizo hazitwambii ni amplifaya ipi iliyo nzuri. Zinatwambia ni ipi yenye kelele zaidi, na mambo hayo mawili ni tofauti kabisa.

Mtu yeyote aliyepita Kariakoo anajua ninalolisema. Unasimama mlangoni, na kijana wa duka anakwambia, "Kaka, hii ikifunguliwa, mtaa wa tatu wanasikia!" Kwake hiyo ndiyo sifa kuu. Hakwambii kama sauti ya mwimbaji itatoka bila kukwaruza, wala kama kifaa kitavuma kama nyuki pale ambapo hakuna wimbo. Anakwambia mtaa wa tatu. Nami najiuliza, mtaa wa tatu walichangia shilingi ngapi?

Ndugu wasikilizaji, si kwamba kijana yule ni mjinga. Kijana yule anayajua masikio ya binadamu kuliko sisi wenyewe. Sikio letu lina tabia moja ya ajabu. Likisikilizishwa wimbo ule ule mara mbili, na mara ya pili sauti ikaongezwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu hawezi kusema kwa hakika kwamba imeongezwa, sikio halisemi "hii ina sauti kubwa zaidi". Linasema "hii ni nzuri zaidi, ina besi zaidi, iko wazi zaidi". Mwaka 1933, wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Sauti ikipanda, besi inarudi. Kwa hiyo ukiongeza volyumu, wimbo unanenepa wenyewe, bila amplifaya kuwa na ubora wowote wa ziada. Muuzaji anayetaka ununue sanduku la pili analiongezea sauti kidogo kuliko la kwanza. Kazi imekwisha.

Majuma machache yaliyopita niliamua kulichunguza jambo hili nyumbani kwangu. Niliazima amplifaya mbili mpya, zote za nyumbani, zote za upande wa kushoto na kulia. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ukubwa wa kitabu cha hadithi, yenye Bluetooth na adapta yake pembeni kama ile ya kompyuta ya mkononi. Ya pili ilikuwa ya mtindo wa zamani, pana na nzito, yenye transfoma ndani. Hata kuipandisha mezani ilitaka watu wawili wenye nia njema. Spika zilikuwa zile zile, chumba kile kile, wimbo ule ule.

Kwanza tulisikiliza kama dukani, kila amplifaya volyumu ikiwa nusu ya mzunguko wake. Sebule nzima ilikubaliana bila ubishi. Ile nzito ilionekana bora mbali sana. Besi ya gitaa ilikuwa imejaa, sauti ya mwimbaji ilikuwa mbele. Ile ndogo ilionekana nyembamba, kama mtu aliyeamka na mafua. Binti yangu alisema, "Baba, hii ndogo irudishe." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya dakika tano.

Ndipo tukamwita fundi redio wa mtaani kwetu na mita yake. Tulipiga mlio mmoja usiopanda wala kushuka, naye akapima umeme unaoingia kwenye spika. Ile nzito ilikuwa inatoa volti 2.6. Ile ndogo volti 2. Tofauti hiyo kwa lugha ya wapimaji wa sauti ni kama desibeli mbili na kidogo. Si nyingi, lakini inatosha kabisa kulihonga sikio. Fundi akaongeza volyumu ya ile ndogo mpaka mita ikasoma sawa kwa zote mbili. Kisha tukatundika kanga mbele ya meza, fundi akawa anabadilisha nyaya nyuma ya kanga, akizima umeme kila mara kabla ya kugusa, nasi tukawa tunakisia ni ipi inayopiga.

Tulisikiliza taarabu ya Unguja, ambamo kanuni, udi, fidla na akodiani vinakwenda pamoja na ni rahisi kujua kama kimoja kimemezwa. Tulisikiliza muziki wa dansi wa zamani wenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Tulisikiliza taarifa ya habari. Matokeo yake? Hakuna hata mmoja wetu aliyepatia zaidi ya mtu anayerusha shilingi hewani. Yule binti aliyetaka ile ndogo irudishwe aliisifu mara kadhaa akidhani ni ile nzito.

Msidhani kwamba ni masikio ya nyumbani kwangu tu. Mwaka 1987 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo. Walikuwamo wapenzi wa muziki wanaoamini kwamba amplifaya hutofautiana sana, na wengine wasioamini. Zilikuwamo amplifaya za dola mia chache na za maelfu ya dola. Sauti ziliposawazishwa na majina yakafichwa, makundi yote mawili yalibahatisha. Fundisho lake ni kwamba amplifaya mbili zilizotengenezwa vizuri, zikipiga chini ya uwezo wake, ni vigumu mno kuzitofautisha kwa sikio.

Mtaniuliza, basi kumbe amplifaya zote ni sawa? La, hasha. Nimesema zilizotengenezwa vizuri, na zikiwa chini ya uwezo wake. Hapo ndipo penye mambo.

Tulipoondoa kanga na kuendelea kuishi na vifaa hivyo siku kadhaa, tofauti za kweli zilianza kujitokeza, na hakuna hata moja iliyosikika siku ya kwanza. Ile ndogo, usiku nyumba ikiwa kimya na wimbo umesimamishwa, ilitoa mshindo mwembamba wa "shhh" ukisogeza sikio kwenye spika. Kwa mbali husikii, lakini kwa mtu anayesikiliza kitandani ni jambo la kuzingatia. Ile nzito haikuwa na mshindo huo, ila ilikuwa na joto hata ilipokuwa haipigi kitu. Joto hilo linatoka kwenye LUKU. Tena kila ilipowashwa ilipiga "tu!" kwenye spika, na kwa mitaa ambayo umeme unakatika na kurudi mara kwa mara, ile "tu!" si rafiki wa spika. Na tulipopandisha sauti kama ya siku ya sherehe, ile ndogo ilifika mahali ikaanza kukwaruza kila ngoma ilipopigwa, wakati ile nzito iliendelea bila wasiwasi.

Mkwaruzo huo, ndugu wasikilizaji, si wa kupuuzwa. Ni dalili kwamba amplifaya imefika kikomo na sasa inayakata mawimbi ya sauti vichwa. Ukiendelea kuilazimisha, kinachoungua mara nyingi si amplifaya bali ni zile spika ndogo za sauti nyembamba, ambazo mafundi wanaziita twita. Watu wengi wanaamini kwamba spika huunguzwa na amplifaya kubwa tu. Amplifaya ndogo inayokamuliwa nayo huunguza.

Sasa tuje kwenye wati. Hapa ndipo mnunuzi anapoibiwa mchana kweupe. Boksi la ile ndogo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, wati 300. Lakini adapta yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo, volti 24, ampea 4.5. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Zidisha 24 kwa 4.5, unapata wati 108. Hizo ndizo wati zote zinazoingia, upande wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Je, inawezekana kisanduku kilichopewa wati 108 kitoe wati 300 mfululizo? Ni sawa na kumwaga ndoo tatu za maji kutoka kwenye ndoo moja. Na kwa spika za kawaida za ohmu 8, kwa volti 24 hizo, hata wati 40 kila upande hazifiki.

Wale wa sabufa wana mtindo wao. Kwenye maboksi yao utakuta wati elfu tano, elfu kumi, na mbele yake herufi nne: PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubaliwa na wapimaji. Kila kiwanda kinajipimia kinavyopenda, kwa nguvu ya kufumba na kufumbua, au kwa kujumlisha chochote kinachojumlishika. Debe tupu haliachi kuvuma. Herufi za kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa kuendelea. Na ukikuta RMS, uliza pia ni kwa ohmu ngapi, na ni kwa mkwaruzo wa asilimia ngapi.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Huko Marekani uongo wa wati ulikithiri hata Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ikatunga kanuni mwaka 1974, ikiwataka watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu inayoendelea na kusema imepimwa kwa masharti gani. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilifanyiwa marekebisho ili masharti ya kupimia yawe ya namna moja kwa wote, mnunuzi aweze kulinganisha. Kama wenzetu wenye viwanda na maduka ya kila aina waliona haja ya kumkinga mnunuzi wao, sisi ambao karibu kila sanduku linatujia kwa meli tuna haja kubwa zaidi. Vyombo vyetu vinavyosimamia ubora wa bidhaa na ushindani wa haki vingefanya jambo jema kuanza kuuliza, hizi wati elfu kumi zimepimwa na nani?

Lakini kuna jambo jingine litakalowashangaza. Mnakumbuka ile mita ya fundi ilisoma volti 2 kwenye spika ya ohmu 8. Hiyo ni nguvu kiasi gani? Ni nusu wati. Ndiyo, nusu wati, na sebule ilikuwa imejaa muziki, watu wanasemezana kwa kuinua sauti kidogo. Ni kweli kwamba ngoma na tarumbeta hupanda ghafla na kuhitaji nguvu mara kumi ya hiyo au zaidi, na wakati mwingine hata mara mia. Hata hivyo hesabu inaonyesha kwamba wati 50 za kweli zinaitosha kabisa nyumba ya kawaida. Tena kuongeza wati kutoka 50 hadi 100 hakuifanyi sauti iwe maradufu. Kunaongeza desibeli 3 tu, ongezeko dogo. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, kwa makadirio yanayotumika sana, wati zinatakiwa zizidishwe mara kumi. Anayelipa pesa nyingi kutoka wati 80 kwenda 100 ananunua tarakimu, hanunui sauti.

Kadhalika, tusidanganywe na uzito wala wepesi. Zamani mnunuzi mjanja aliinua amplifaya kupima uzito wake, maana transfoma nzito ilikuwa ushahidi wa nguvu. Siku hizi zimeenea amplifaya za daraja D, ambazo huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde badala ya kuupoteza kwa joto. Kwa sababu hiyo ni ndogo na hazichemki sana. Na hiyo D, ingawa wauzaji wengi husema ina maana ya dijitali, ni herufi tu iliyofuata baada ya A, B na C. Ipo midogo iliyo mizuri na ipo mikubwa iliyo mibovu.

Basi mnunuzi afanyeje? Nina mambo manne.

La kwanza, anza na sauti ya mtu, usianze na wimbo wa besi. Mwambie muuzaji afungulie taarifa ya habari au mahubiri. Masikio yetu yamesikia binadamu wakisema tangu tulipozaliwa, na yanajua mara moja kama msemaji ana kikohozi, amezibwa pua, au anasema kutoka ndani ya pipa. Kifaa kisichoweza kusoma habari vizuri hakiwezi kuimba.

La pili, sikiliza kwa sauti ndogo. Kwa sauti kubwa kila kitu kinasisimua. Kwa sauti ndogo, kifaa kibovu kinajisema chenyewe: upande mmoja unakuwa mdogo kuliko mwingine, kunavuma, maneno yanapotea. Na ukilinganisha vifaa viwili, hakikisha wewe ndiye unayeshika volyumu, usimwachie muuzaji.

La tatu, geuza kifaa usome nyuma. Mbele pamepambwa kwa ajili ya macho. Nyuma, au kwenye adapta, ndipo palipoandikwa umeme unaoingia. Kinachotoka hakiwezi kuzidi kinachoingia.

La nne, omba siku chache za kurudisha. Duka linalojiamini litakubali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kabla hujalaumu amplifaya, tazama spika zako na chumba chako. Sebule ya vigae vitupu, kuta za saruji na dirisha la kioo itafanya amplifaya yoyote isikike kali. Mkeka na pazia nzito huenda vikaleta nafuu kubwa kuliko wati 200. Na kama spika ya pili inatoa desibeli 3 zaidi kwa wati ile ile moja, ni sawa na kuwa umenunua amplifaya ya nguvu maradufu.

Ndugu wasikilizaji, huenda mtu akasema mambo haya ni ya starehe, na nchi ina mambo makubwa zaidi. Nami nasema, pesa ya mnyonge inayotoka kwa udanganyifu si jambo dogo. Wala afya si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma, na ikifika desibeli 90, isizidi saa 4 kwa juma. Ile sifa ya mtaa wa tatu, kwa mtoto anayelala chumba cha pili, ni madhara anayoletewa kila jioni na wazazi wake mwenyewe.

Tena kuna hili ambalo sisi wa redio linatuuma. Siku hizi taarifa za habari, matangazo ya vifo, maelezo ya daktari juu ya chanjo, vyote vinapitia kwenye sabufa hizo hizo zilizorekebishwa kwa ajili ya besi. Mtangazaji anasema, sebule inanguruma, na bibi aliyeketi kwenye kochi anauliza, "Amesema nini?" Hakuna anayemjibu, kwa sababu na wengine hawakusikia. Nyumba ina wati elfu kumi za kwenye boksi, na haina sentensi moja iliyosikika vizuri.

Kwa hiyo utakapokwenda dukani na kijana akakwambia habari za mtaa wa tatu, mshukuru, kisha mwombe apunguze. Kaa mita mbili mbele ya spika na usikilize maneno. Kama bibi wa nyumbani kwako angeyasikia yote, huenda umepata amplifaya. Kama asingeyasikia, rudisha mkono mfukoni, utoke nje, ujaribu duka la pili.